Namba Iliyonakiliwa

Siku jicho la Jeremiah Shivachi lilipoharibika, Nyaboke alikuwa ndani ya chumba cha kujazia risasi, akifuta vumbi kwenye mizani ya baruti. Akasikia mlio. Milio pale ilikuwa jambo la kila dakika, maana ile ilikuwa klabu ya kulenga shabaha, lakini mlio huu ulikuwa na ukavu ambao masikio yake hayakuuzoea. Kikafuata kimya, kisha mtu akapiga kelele kwa Kiarabu akitaka maji.

Alitoka mbio. Ilikuwa mwezi wa nane, saa nne za asubuhi, na joto la Doha lilimpokea mlangoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Jeremiah alikuwa amekaa chini kwenye saruji, miguu ameinyoosha mbele, mikono yote miwili usoni. Damu ilikuwa ikipenya katikati ya vidole. Juu ya meza ya kulengea ililala ile bunduki, komeo lake limekwama nusu njia, na kando yake miwani ya kujikinga, vioo vimejaa ukungu. Kila aliyefanya kazi pale aliujua ukungu ule. Ukitoka kwenye baridi ya ndani ukaingia kwenye unyevu wa nje, miwani hugeuka maziwa na huoni kitu. Jeremiah alikuwa ameivua ili aione shabaha.

"Nani huyo?" akauliza aliposikia hatua.

"Ni mimi, Baba Stacy. Nyaboke."

"Usiiguse bunduki. Mtu yeyote asiiguse. Ganda la risasi limekatika humo ndani."

Gari la wagonjwa likaja likamchukua. Hakulia, wala hakumtaja Mungu, ingawa alikuwa mzee wa kanisa.

Wawili hawa walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mitatu. Jeremiah alikuwa fundi wa silaha katika jeshi la Kenya. Alistaafu, akarudi kwao Shinyalu, akafuga kuku, kuku wakafa wote kwa wiki moja, na mtu aliyewahi kutumika naye akamtafutia kazi Doha. Nyaboke yeye alikuja kama wanavyokuja wengi: mlinzi wa lango, sare ya buluu, saa kumi na mbili kwa siku akifungua na kufunga kizuizi cha magari. Mchana mmoja alitumwa kuokota maganda ya risasi yaliyotapakaa uwanjani. Jeremiah alipokuja kuyachukua akakuta ndoo mbili badala ya moja.

"Kwa nini umeyatenga?"

"Haya hapa yana masizi shingoni, upande mmoja tu. Yale hayana."

Jeremiah aliokota moja, akaliinua kwenye jua, akaokota na jingine. Yalikuwa yametoka kwenye bunduki mbili tofauti. Wiki iliyofuata alikwenda kwa mudiri, yaani meneja wao, akamwomba ampe yule mama wa langoni.

Kazi ya chumba kile ilikuwa hivi. Wanachama walioshindana kulenga mbali, mita mia tisa au elfu moja, hawakupenda risasi za dukani. Walitaka zilizojazwa kwa mkono, kila moja sawa na mwenzake. Basi ganda likishapigwa halikutupwa. Lilitolewa fataki ya kitakoni, kile kidude kinachowasha baruti, likaoshwa, likabanwa kwenye kalibu ya chuma lirudi umbo lake, kisha likatiwa fataki mpya, baruti na risasi, likaenda tena. Ganda moja liliweza kupigwa mara tano, sita, hata kumi. Na hapo kwenye kulibana ndipo penye kazi.

"Sikiliza, mama," Jeremiah alimwambia siku ya kwanza, akimwekea ganda kiganjani. "Likilipuka, linatanuka na kujaa chemba yote ya bunduki, mbavu mpaka mabega, kama mkate kwenye mkebe wake. Halafu linanywea kidogo sana. Kwa hiyo ukilipima hili, umeipima chemba yenyewe. Hujapima ya kitabu, hujapima ya bunduki ya jirani. Ukishaijua namba hiyo, unalirudisha bega, hapa linapoanza kubana kuelekea shingoni, nyuma kidogo tu. Milimita moja uigawe mara mia, uchukue sehemu tano. Hapo linaingia na kutoka vizuri."

"Na nikilirudisha zaidi?"

"Linabaki na nafasi mbele. Kila likipigwa linavutika kujaza ile nafasi. Na linavutikia hapa." Akaligusa juu kidogo ya kitako. "Linakonda kwa ndani, nje huoni kitu. Mara ya kwanza hakuna neno, ya pili hakuna neno. Siku moja linakatika, na moto unarudi nyuma kwa mwenye bunduki."

Akamfundisha kung'oa fataki kabla ya kupima, kwa sababu fataki iliyochomoza hudanganya kalipa, kile kipimio cha taya mbili. Akamfundisha kukivisha kipete cha chuma begani mwa ganda, kusoma, kuandika, kulitoa na kulipima upya, na kutoliamini ganda moja mpaka yawe kumi. Nyaboke aliipenda kazi ile kuliko kitu chochote alichowahi kuajiriwa kufanya. Alimpigia mama yake simu Nyamira, akajisifu kwamba sasa anapima vitu vyembamba kuliko unywele. Mama yake akacheka. "Waambie wakuongeze chakula, na wewe usije ukawa mwembamba kuliko unywele."

Mama huyo alifariki mwezi wa nne.

Siku ya tatu baada ya ajali, Alhamisi, mudiri alimwita Nyaboke ofisini. Aliitwa Herbert, Mganda wa Jinja, mtu wa mashati ya pasi kali na sauti ya chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa walio juu yake.

"Jicho la kulia limekwisha," akasema. "Wamelitoa jana. Keti."

Nyaboke akaketi.

"Jeremiah amesaini taarifa hospitalini. Anasema kosa ni lake, kwamba alilibana ganda vibaya. Kamati ya usalama inataka na vipimo viandikwe, na hapa aliyebaki anayejua kupima ni wewe. Yapime maganda, uandike, tufunge jambo hili."

"Baba Stacy hawezi kubana vibaya."

"Mwenyewe amesema."

"Anapima mara tatu. Hata chai anapima sukari."

Herbert akainua mabega. Nyaboke akatoka mle na nia moja, kumsafisha mzee wake jina. Moyoni alikuwa ameshamchagua mkosaji. Bunduki ile, mali ya mwanachama mmoja ambayo Jeremiah alikuwa akiijaribu asubuhi ile, ilikuwa imebadilishwa mtutu mwezi wa nne. Mtutu mpya ni chemba mpya. Bila shaka aliyeuchonga aliharibu, na maganda yatasema.

Kisanduku cha risasi za bunduki ile kilikuwa cha ishirini. Kumi na tisa yalikuwa maganda yaliyopigwa asubuhi ile kabla ya lile la mwisho. Aliyang'oa fataki moja moja. Aliyafuta. Akakifunga kile kipete kwenye kalipa, akairudisha namba kwenye sifuri, akaanza.

Arobaini na moja nukta sita nne. La pili, nukta sita nne. La tatu, nukta sita tatu. Alipofika la kumi alikuwa tayari ana jibu, lakini aliyamaliza yote. Milimita arobaini na moja na sehemu sitini na nne. Akafungua kitabu cha vipimo vinavyoruhusiwa. Chemba ilikuwa ndefu, ndiyo, lakini ilikuwa ndani ya mipaka. Mtutu haukuwa na kosa lolote.

Kwenye kabati kulikuwa na kisanduku cha pili, risasi zilizojazwa wiki ile ile kwa bunduki ile ile na bado hazijapigwa. Akaipima moja begani. Arobaini na moja nukta nne sifuri.

Akarudia. Nukta nne sifuri.

Tofauti ilikuwa sehemu ishirini na nne. Ilipaswa iwe tano.

Akachukua waya mwembamba ambao Jeremiah alikuwa ameukunja ncha kwa ajili hiyo, akauingiza kwenye ganda moja kati ya yale kumi na tisa, akaukokota ndani ya ukuta kuelekea kitakoni. Ncha ikaanguka kwenye mfereji. Akajaribu jingine. Mfereji. Akalibana ganda la tatu kwenye jiriwa, akalipasua kwa msumeno mdogo kutoka mdomoni hadi chini, akalifungua. Ndani, juu kidogo ya kitako, ukuta wa shaba ulikuwa umekonda kama karatasi, duara zima. Yote kumi na tisa yalikuwa yamebakiza pigo moja au mawili yakatike kama mwenzao.

Basi swali lilikuwa moja. Nani aliyeifunga kalibu kwenye namba ile?

Daftari la vipimo lilikuwa kubwa, lenye jalada gumu la kijani. Alipekua mpaka mwezi wa kwanza. Bunduki hiyo, mtutu wa zamani: 41.45, kwa mwandiko wa Jeremiah uliosimama wima kama askari. Ukitoa sehemu tano unapata arobaini na moja nukta nne sifuri. Hapo ilikuwa sawa. Akapekua mpaka mwezi wa nne. *Mtutu mpya. Maganda kumi ya majaribio.* 41.45.

Mwandiko ulikuwa wake yeye, Nyaboke.

Aliitazama ile namba kwa muda mrefu. Haiwezekani mtutu wa zamani na mpya vikalingana mpaka sehemu ya mwisho. Mtu yeyote mwenye kujua kazi angeliona hilo mara moja. Akaangalia tarehe.

Ilikuwa siku ya mazishi ya mama yake.

Jeremiah wakati huo alikuwa likizoni Kenya. Nyaboke alipoomba ruhusa, Herbert alimwambia asubiri fundi arudi, wiki mbili tu, chumba hakiwezi kubaki bila mtu. Lakini ukoo hauwezi kumweka marehemu mochari wiki mbili zaidi kwa ajili ya binti mmoja aliyeko Arabuni. Wakamzika. Binamu yake akawasha simu, akamrushia mazishi moja kwa moja, na Nyaboke akayatazama kwenye chumba kile, simu ameiegemeza kwenye kopo la grisi, mlango ameufunga. Aliwaona shangazi zake wamefunga leso viunoni. Alimwona mchungaji akifungua kinywa, sauti ikija nyuma. Jeneza lilipofikishwa kwenye ukingo wa kaburi picha ikaganda, ikakaa hivyo, halafu ikazimika. Alikuwa akijaribu kuirudisha Herbert alipogonga mlango. Mwenye bunduki anakuja saa tisa kuchukua risasi zake za mtutu mpya, ziko wapi?

Maganda kumi yalikuwa mbele yake kwenye sinia. Hakuyagusa. Macho yake yalikuwa yamevimba hata mistari ya kalipa haionekani. Aliangalia namba ya mwezi wa kwanza, akainakili, akafunga kalibu, akabana. Akajiambia atayapima kesho. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Jumamosi ikaja na kazi zake, na namba iliyokwisha kuandikwa ina namna ya kuonekana kweli.

Tangu siku hiyo maganda yale yalipigwa, yakabanwa, yakapigwa, kwa namba ile.

Ijumaa Nyaboke alikwenda Mesaimeer, kanisani, kwa sababu asingekwenda watu wangemfuata Abu Hamour, alikokaa, kumuuliza kama ni mgonjwa. Waumini wote walikuwa wamesikia habari za Baba Stacy. Baada ya nyimbo, kiongozi wa ibada alisema kanisa litamwombea ndugu yao, na kwa kuwa dada Nyaboke ndiye mwenzake wa karibu kazini, aje mbele awaongoze. Akaenda. Akasimama. Watu wakainamisha vichwa, wakasubiri. Alifungua mdomo akasema, "Baba," akakwama hapo. Wakadhani ni uchungu. Mama mmoja alimjia, akamshika kiuno, akamrudisha kitini, akimpepea kwa karatasi ya nyimbo, na wengine wakamsifu kwa kumpenda mzee wake namna ile.

Jumamosi jioni, saa za kuona wagonjwa, alikwenda hospitali. Jeremiah alikuwa ameketi kitandani, nusu ya uso imefunikwa bandeji, jicho la kushoto jekundu, linalotiririka machozi ambayo hayakuwa ya kilio.

"Umekuja," akasema. "Umekula?"

"Baba Stacy, nimeyapima."

Jeremiah alinyoosha shuka magotini.

"Ni mimi. Mwezi wa nne. Sikuyapima yale kumi. Niliinakili namba yako."

Jeremiah aliligeuza lile jicho moja upande wa dirisha. "Walinieleza limekatikia wapi," akasema taratibu. "Juu kidogo ya kitako. Nikajua ni bega lililorudishwa sana. Nikakumbuka daftari."

"Kwa hiyo ulijua, na bado ukasaini?"

"Mimi ndiye fundi. Jina langu ndilo liko juu ya mlango."

"Lakini mwandiko ni wangu!"

"Punguza sauti, mama. Kuna wagonjwa." Akajivuta karibu. "Nitakuambia kitu na usilie. Niliporudi likizo, nilifungua lile daftari. Niliiona namba. Nikasema, mbona ni ile ile? Ilikuwa nikuite nikuulize. Kisha nikaangalia tarehe. Nikakuangalia na wewe ulivyokuwa, unatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Nikajiambia, huenda zimelingana, vitu hulingana. Sikutaka kukuuliza. Nilikuhurumia, nikaifumbia macho. Sasa unaona?"

Akacheka kidogo, na kicheko kikamuuma, akashika bandeji. Nyaboke alilia ingawa alikuwa ameambiwa asilie.

"Wewe una miaka thelathini na mbili," Jeremiah akasema. "Mimi nimebakiza kidogo nirudi nyumbani kwa vyovyote. Jicho halitarudi wakiandika jina langu wala wakiandika lako. Nenda ukaandike kwamba fundi alibana vibaya. Ni amri."

Hakuwahi kumpa amri hata siku moja. Nyaboke alichukua mkoba wake akatoka.

Siku mbili aliibeba amri ile. Alijaribu kuandika kama alivyoambiwa, na kila alipofika mahali pa jina alimwona Jeremiah Shinyalu, jicho moja, watu wakisema ni yule fundi aliyejilipua mwenyewe kwa uzembe. Mtu aliyekuwa akipima sukari ya chai. Siku ya tatu aliandika kurasa mbili. Aliandika namba zote kumi na tisa. Aliandika kwamba chemba haina kosa, kwamba maganda ya majaribio hayakupimwa, kwamba aliyepaswa kuyapima ni yeye, na kwamba fundi mkuu alikuwa nje ya nchi siku hiyo. Akatia sahihi.

Herbert alizisoma akiwa amesimama. Akazisoma tena ameketi.

"Unajua hii itakufanya nini?"

"Najua."

"Mwenzako amekufunika, na wewe unajifunua." Akaiangalia tarehe, na kitu kikapita usoni mwake. "Hii ilikuwa ile siku. Ya mazishi."

"Ndiyo."

"Mbona hujaandika hilo? Mbona hujaandika kwamba uliomba ruhusa?"

"Kamati imeuliza namba, bosi. Haijauliza habari za mama yangu."

Herbert alichomoa kalamu mfukoni. Aliishika juu ya ukurasa wa pili, pale palipobaki nafasi, akakaa hivyo mpaka Nyaboke akadhani ataandika. Kisha akairudisha mfukoni.

"Wanaitaka na kwa Kiarabu," akasema. "Ipeleke ikatafsiriwe."

Aliipeleka Al Sadd, kwenye kiduka cha kupiga chapa na kutafsiri barua kilichobanwa kati ya mkahawa na duka la simu. Mtafsiri, Msudani mwenye ndevu nyeupe, aliisoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mistari.

"Kwa hiyo huyu bwana aliumia bega?"

"Hapana. Bega la ganda. Yeye aliumia jicho."

"Ganda lina bega?"

Nyaboke alichukua kalamu akamchorea: kitako, ubavu, bega, shingo. Akamweleza jinsi ganda linavyojaa chemba na kunywea, jinsi linavyopimwa, na kwa nini. Alijisikia akitumia maneno ya Jeremiah, mpaka ule mkate na mkebe wake. Mzee yule alisikiliza mpaka mwisho, akaandika. Alipofika kwenye sentensi ya jina akamtazama juu ya miwani.

"Aliyeandikwa hapa ni nani?"

"Ni mimi."

Akaishusha kalamu. "Binti yangu, una hakika unataka nilitafsiri hili?"

"Tafsiri, ammi."

Kamati haikuchukua muda. Taarifa ya Jeremiah iliondolewa kwenye jalada, na barua yake ya kazi ikaandikwa kwamba aliumia akiwa kazini bila kosa lake. Nyaboke alitolewa chumbani siku hiyo hiyo, akanyang'anywa ufunguo, akaambiwa mkataba wake unakatwa mwisho wa mwezi. Chumba kikafungwa mpaka apatikane fundi mwingine.

Alimwona Jeremiah mara ya mwisho asubuhi ya safari yake, chini ya jengo la wafanyakazi, ameketi juu ya sanduku akisubiri gari la uwanja wa ndege. Alikuwa amevaa koti kubwa ingawa jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Nyaboke alimsalimu. Jeremiah akaendelea kutazama barabara.

"Nilikuwa nimeshaandika," akasema hatimaye.

"Najua, Baba Stacy."

"Jicho nilikuwa nimeshalipoteza. Jina lingepotea nalo, lisingeniuma kitu. Ungepona wewe."

"Nisingepona."

"Sasa tumepotea wote wawili," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu amjue sauti yake ilikuwa ya hasira. "Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kukupa, ukakirudisha kama nguo isiyokutosha."

Gari likafika. Dereva akaruka chini akalichukua sanduku, na Jeremiah, ambaye bado hakuwa amezoea kupima umbali kwa jicho moja, akanyoosha mkono kushika mlango, akaukosa. Nyaboke akamshika kiwiko akamwingiza ndani. Jeremiah hakumsukuma mkono. Hakuaga pia.

Siku zilizobaki alizimalizia akikusanya vitu vyake Abu Hamour. Alipiga namba ya Shinyalu mara tatu, na mara tatu Pamela, mke wa Jeremiah, aliipokea na kusema mzee amelala. Mara ya nne Pamela ndiye aliyepiga. Ilikuwa mchana, Nyaboke amepiga magoti sakafuni akikunja sare za kurudisha stoo.

"Nyaboke, mimi ni Mama Stacy. Nataka nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Jicho la kushoto nalo linafifia. Daktari wa Kakamega anasema hutokea, jicho lililoumia likaliambukiza zima. Wanajaribu dawa."

Nyaboke aliiacha sare ikaanguka.

"Upo?"

"Nipo, Mama Stacy."

"Ile ripoti yako alikuja nayo. Ameniambia nimsomee. Nimesoma mpaka mwisho. Anasema umeandika vizuri, hujaruka kitu." Pamela akavuta pumzi. "Huyo ni yeye. Yeye amekusamehe kabla hata hujakosa. Mimi si kama yeye, na siwezi kujifanya. Nikimwona anapapasa ukuta kutafuta mlango wa choo, nakuona wewe. Najua ulikuwa na msiba. Najua. Lakini nakuona."

"Una haki, Mama Stacy."

"Usiseme nina haki, hainisaidii. Nakuomba tu usipige tena kwa sasa. Kila ukipiga anataka kujua ni nani, na mimi nachoka kudanganya. Nikiwa tayari, nitapiga mimi."

"Sawa. Mwambie..."

"Hapana," Pamela akasema, si kwa ukali. "Usinitume." Akakata.

Nyaboke alibaki pale sakafuni. Baadaye alizimalizia zile sare, akazipeleka stoo, zikahesabiwa, akasaini. Alirudi Nyamira mwezi wa kumi. Sasa anauza vifaa vya mabomba kwa mtu mmoja mjini, na mwenye duka anasema hajawahi kupata mtu wa makini kama yeye. Simu yake huwa wazi muda wote, hata kanisani. Pamela bado hajapiga.